Abiria Hakuichagua Kampuni Hiyo: Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Bima

Kwa Kamishna wa Bima,
Mamlaka ya Kusimamia Bima,
Upper Hill, Nairobi.

Bwana Kamishna,

Mtu anayepanda matatu Muthurwa saa kumi na mbili jioni huangalia mambo mawili, nauli na kiti. Akiwa mwangalifu kupita kiasi, ataangalia tairi. Hakuna anayemuuliza makanga gari limekatiwa bima na kampuni gani. Hata angeuliza, jibu lisingemfaa kitu, kwa sababu hana njia ya kujua kama kampuni hiyo itakuwa hai siku kesi yake itakapoamuliwa. Kazi ya kulijua hilo kwa niaba ya abiria imekabidhiwa ofisi moja tu nchini, nayo ni yako.

Barua hii inawahusu watu walioshinda kesi. Inafaa kusemwa mapema, maana kila panapotajwa fidia za ajali mazungumzo hukimbilia wadanganyifu, wanaovaa plasta mahakamani na kucheza mpira Jumapili. Wapo, na zamu yao itafika hapa chini. Wanaozungumziwa kwanza ni wale ambao hakimu alisikiliza, akapima, akaandika kiasi cha pesa na kutia sahihi, kisha pesa hazikuja.

Mwaka 2024 watu 4,748 walikufa katika barabara za Kenya, kwa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA). Waliobaki na vigongo na vyuma miguuni ni wengi kuliko hao. Chukua mfano wa mama anayeuza viazi kando ya barabara kuu, kama waliokuwa katika makutano ya Londiani jioni ya Juni 30, 2023, lori lilipoacha njia na kuwaparamia wachuuzi, bodaboda na magari ya abiria. Zaidi ya watu 50 walifariki. Viongozi walifika, rambirambi zikatolewa, suala la masoko ya kando ya barabara likajadiliwa kwa siku kadhaa. Anayoyapitia majeruhi wa ajali ya namna hiyo baada ya hapo hayatangazwi popote.

Kwanza ni karatasi ya polisi, ile abstrakti. Ina nambari ya tukio katika kitabu cha matukio cha polisi (OB), nambari ya usajili wa gari, jina la mwenye gari, jina la kampuni ya bima, nambari ya bima na tarehe inayoisha. Habari za bima kwa kawaida hunakiliwa kutoka kwenye cheti kilichobandikwa kiooni, kama kioo kimesalimika. Mahali pa matokeo ya uchunguzi mara nyingi huandikwa herufi tatu, PUI, yaani uchunguzi ungali unaendelea, na herufi hizo zinaweza kukaa hapo mpaka mtoto aliyezaliwa wiki ya ajali aanze kutembea. Kisha kuna fomu ya majeraha, P3. Kisha ripoti ya daktari wa kulipwa, anayekadiria ulemavu kwa asilimia. Kisha rekodi za NTSA, ili ijulikane gari ni la nani hasa, kwa kuwa anayepokea hesabu jioni, aliyeandikwa kwenye logibuku na benki iliyotoa mkopo wanaweza kuwa watatu mbalimbali. Kila risiti ya dawa na ya teksi lazima itunzwe, maana gharama isiyo na ushahidi mahakama haiitambui. Kampuni ya bima nayo itataka majeruhi apimwe upya na daktari wake, ambaye kwa bahati isiyoelezeka huona ulemavu mdogo kuliko alioona mwenzake.

Yote hayo yafanyike ndani ya miaka mitatu, la sivyo dai limekufa. Mtu aliyelala wodini, akarudishwa kijijini kuuguzwa na dada yake, anaweza kuupoteza muda huo bila hata kujua kwamba ulikuwa ukihesabiwa.

Tuseme hakuupoteza, na hukumu imetoka. Hapo ndipo sheria inapoonekana nzuri kuliko inavyofanya kazi. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya inakataza gari kuingia barabarani bila bima ya kuwafidia watu wengine, na inailazimu kampuni ilipe hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake, hata pale ambapo ingekuwa na haki ya kumkana mteja huyo, mradi tu ilipewa notisi ya kesi kwa wakati. Kikomo ni Sh3 milioni kwa mdai mmoja, na kinachozidi anadaiwa mwenye gari. Katika maandishi, mama wa viazi amelindwa.

Kampuni isipolipa, aliyeshinda hufungua kesi ya pili, safari hii dhidi ya kampuni yenyewe, akiiomba mahakama itamke kwamba hukumu ya kwanza ni deni lake. Yaani mtu anashtaki ili apewe alichokwisha kupewa. Mawakili wa ajali wameizoea hali hii kiasi kwamba humweleza mteja bila kupepesa jicho, kama daktari anayesema dawa hii itakuletea usingizi. Mahakama za Madai Madogo zilizoanza kazi 2021 zinatakiwa kuamua mashauri yasiyozidi Sh1 milioni ndani ya siku 60, na majaji wamevutana kama majeraha ya barabarani yanafaa kupelekwa huko. Mvutano huo tuwaachie wao. Hata hukumu ingetoka kwa siku sita, bado ingemkuta mlipaji yule yule.

Na walipaji wenyewe, Bwana Kamishna, wana historia ambayo ofisi yako inaijua kuliko mtu yeyote. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005. Invesco ikafuata 2008, Standard Assurance 2009, Blue Shield 2011, Concord 2013. Xplico ikaingia orodhani Desemba 2023. Invesco, iliyokuwa imefufuliwa na kurudishwa sokoni kuuza bima kwa magari ya abiria, ikaanguka kwa mara ya pili Agosti 2024. Nyingi kati ya kampuni hizo zilitegemea matatu na magari ya biashara, na zote zilipata leseni kutoka kwa mdhibiti wa sekta, leseni ambayo hutolewa upya kila mwaka.

Siku msimamizi anapoingia, malipo husimamishwa. Agizo hilo huja kama jambo la muda, lakini kwa United liliongezwa tena na tena. Wenye magari waliokuwa wateja wake walikwenda Mahakama Kuu wakapata kinga dhidi ya madalali. Hoja yao inaeleweka: walilipa ada, wakapewa cheti halali, kwa nini magari yao yachukuliwe kwa kosa la kampuni? Ila matokeo yake ni kwamba kampuni hailipi, mwenye gari haguswi, na kati yao amesimama mtu mwenye hukumu mkononi ambaye hakusaini mkataba na yeyote. Pasipokuwa na kinga hiyo, dalali hulifuata gari, akalikuta limeandikwa jina la benki kwenye logibuku, au mwenye gari ambaye riziki yake yote ni matatu moja anarudishwa kuwa makanga wa mwenzake. Ni vigumu kusema ni lipi kati ya hayo mawili linalofanana zaidi na haki.

Atajibu mtu wa ofisi yako kwamba kuna Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima. Ipo kweli. Huchangiwa asilimia 0.25 ya ada na mwenye bima na asilimia 0.25 nyingine na kampuni, na kampuni ikianguka hazina hulipa hadi Sh250,000 kwa mdai. Mtu aliyeamuliwa Sh2 milioni kwa mguu uliokatwa atapata thumuni ya fidia yake, akiwa bado hai na akiwa na subira. Anayedai dirisha la gari lililovunjika Sh200,000 analipwa yote. Kikomo cha namna hii kinamfaa mwenye hasara ndogo na kumwacha mwenye hasara kubwa, na waliopangiwa kuwa na hasara kubwa ni hao hao waliogongwa na magari makubwa.

Sasa wadanganyifu. Kampuni zinasema zinazamishwa na madai ya kubuni, abiria wanaoongezeka baada ya ajali, vibaraka wa mawakili wanaozunguka wodini wakiwa na fomu tayari. Malalamiko hayo yana msingi, na ndiyo maana ofisi yako ina kitengo cha kuchunguza ulaghai wa bima kinachofanya kazi na polisi. Lakini mahali pa kumnasa mwongo ni kabla ya hukumu, shahidi akiwa kizimbani na daktari wa kampuni akiwa amekwisha mpima. Baada ya hukumu, asiyeridhika ana njia ya rufaa. Kunyamaza si njia ya kupinga udanganyifu, kwa sababu kunamkomoa mkweli na mwongo kwa kipimo kimoja.

Kuna ugonjwa mwingine usiosemwa kwa sauti, nao ni bei. Bima ya matatu huuzwa hata kwa mwezi, na kampuni inayohitaji pesa Ijumaa hii inaweza kuiuza kwa bei ambayo haiwezi kugharimia ajali ya mwaka ujao. Mwenye gari hununua ya nafuu, na huwezi kumlaumu. Cheti ni kile kile, askari wa trafiki hakagui mizania ya kampuni, na sacco inataka gari litoke steji alfajiri. Hivyo kampuni dhaifu ndiyo inayovuta wateja wengi, na inayokadiria hatari sawasawa inajiondoa kwenye biashara ya magari ya abiria. Ukiwa mbali na takwimu za ndani huwezi kujua ni kampuni ipi inafanya hivyo. Ofisi yako haiko mbali.

Tena ofisi hiyo ikitaka kusema, husema. Juni 2024, mmoja wa wanaojitambulisha kuwa wenye kampuni kubwa ya bima za matatu alipotangaza kwamba imefungwa, Mamlaka ilitoka upesi kueleza kwamba tangazo hilo halina nguvu na bima zake zinaendelea. Abiria wachache walijua kilichotokea, lakini kilikuwa kitendo cha mdhibiti anayejua kazi yake. Vyeti vya bima vimekuwa vya kidijitali, na uhalali wake unaweza kuthibitishwa kwa simu. Kila robo mwaka Mamlaka hutoa takwimu za madai yaliyolipwa na yasiyolipwa, kampuni kwa kampuni. Kwa hiyo ukosefu wa habari si kisingizio. Ila takwimu hizo hukaa kwenye majedwali ya Kiingereza ambayo mwenyekiti wa sacco hayasomi na hakimu haletewi.

Maombi ya barua hii ni haya. Kampuni inayokatia bima magari ya abiria na mizigo itangaziwe hadharani, kwa Kiswahili na kwa jina, idadi ya hukumu zilizopita muda wa rufaa ambazo bado haijazilipa, na thamani yake kwa jumla. Isiyozilipa isipewe leseni ya kuandika bima mpya za matatu mpaka izilipe, hata kama mizania yake kwa upande mwingine inapendeza. Leseni ya kuendelea kukusanya ada za magari mapya ili kulipa madeni ya zamani ndiyo njia ya kumleta msimamizi mwingine katika orodha ile iliyotajwa juu.

Kampuni ikiwekwa chini ya msimamizi, Mamlaka isisubiri majeruhi wajitokeze baada ya kusoma tangazo dogo gazetini. Rejista za mahakama zinajua nani ana kesi dhidi ya gari lililokatiwa bima na kampuni hiyo, na kampuni yenyewe ina faili la kila notisi iliyopokea. Mtu aandikiwe, apigiwe simu, aelezwe afanye nini, lini na wapi, bila kulazimika kumlipa wakili mwingine ili tu ajue kwamba aliyeshindwa hana pesa.

Na kikomo cha Sh250,000 kitenganishwe: kimoja kwa hasara ya mali, kingine kwa mwili ulioumia, hicho cha pili kikiwa karibu na Sh3 milioni ambazo Sura ya 405 yenyewe inazitambua. Hilo halimo mikononi mwako peke yako, kwa kuwa hazina ina bodi yake na kanuni hutoka Wizara ya Fedha, lakini pendekezo la Kamishna halitupwi kirahisi. Ikilazimu mchango wa asilimia 0.25 upande kidogo, wenye magari waambiwe wazi unalipia nini. Aliyewahi kufukuzwa na dalali ataelewa.

Leseni za mwaka ujao zitatiwa sahihi kabla ya Januari. Baadhi ya kampuni zitakazoziomba zina hukumu kwenye kabati, na nyuma ya kila hukumu yupo mtu aliyeacha kuuza viazi. Ofisi yako inaweza kuyahesabu makaratasi hayo kabla ya kutia sahihi.