Siku mbili Osaka, nyie mnataka miji mitano!



Sisi tuliokuja kusoma mwaka mmoja hapa Nagoya tumechanga yeni zetu twende Osaka Jumamosi na Jumapili. Tulikubaliana wenyewe: tule chakula cha Kijapani, tuone mji. Jana washkaji wakaleta ratiba. Jumamosi Kyoto, Nara, jioni Osaka. Jumapili Kobe, halafu Himeji. Kha! Kula wameandika "njiani".

Mi nasomea ualimu bwana. Andalio la somo la namna hiyo mkufunzi anakurudishia bila hata kusaini.

Eti "lazima tupande ngome ya Osaka". Toyotomi Hideyoshi alianza kuijenga 1583, sawa, lakini mnara unaouona leo ni wa zege, wa 1931, na ndani una lifti! Itazameni toka bustanini, bure, picha ni zile zile.

Osaka ni mji wa tumbo. Enzi za Edo mchele wa kodi toka majimboni uliletwa hapo kuuzwa, ndo maana ukaitwa jiko la nchi. Sushi ya kuzunguka kwenye mkanda ilianzia upande huo, 1958. Mwaka huo huo, mji jirani wa Ikeda, Momofuku Ando akatoa tambi za kumwagia maji moto, mababu wa hizi zilizotuokoa bwenini boom likikata. Makumbusho yake kuingia bure, na kwenye ratiba haimo! Halafu takoyaki... kikaango kina vishimo kama cha vitumbua, ndani ya unga kuna pweza. Mtu aliyekula pweza Forodhani anapitaje hapo mbio eti anawahi treni?

Lililoniudhi kabisa ni hili. Dada yetu wa Tanga hagusi kitimoto. Okonomiyaki, ile chapati nene ya kabichi, kwa kawaida inawekewa nguruwe, na supu nyingi za rameni ni mifupa yake. Yeye inabidi aulize, asubiri, pengine ahame mgahawa. Kwa ratiba yenu atakula tonge la wali la dukani siku mbili, na mchango katoa sawa na nyie. Nikauliza, mmoja akajibu "atajijua". Atajijua?!

Mi hoja yangu Osaka tu. Jumamosi Ikeda, jioni Dotonbori kwa miguu tukila takoyaki. Jumapili sushi ya mkanda, halafu Shinsekai tuone mnara wa Tsutenkaku. Zile kushikatsu za hapo naziacha roho ikiniuma, maana nyama zote zinakaangwa mafuta yale yale. Anayetaka Himeji nauli yake.

Kura kesho saa 2 usiku, jikoni bwenini. Dada wa Tanga nimeshamwambia, anakuja.