Ingwe: tumwache kocha, tujiangalie sisi

Jameni wadau, AFC Leopards ikipoteza mechi tatu tu, wimbo ni ule ule: kocha atoke! Mimi pia nimeuimba, sikatai. Lakini leo tupige hesabu pamoja.

Klabu hii iliyoanza 1964 kwa jina la Abaluhya, ya akina marehemu Joe Kadenge, ilikuwa moto wa kuotea mbali. Ligi 1980, 1981, 1982. Kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati 1982, 1983, 1984, mfululizo! Halafu baada ya ligi ya 1998, kiangazi. Tulishuka hadi daraja la chini, tukarudi ligi kuu 2009. Na mwaka huo huo bingwa akawa nani? Sofapaka, nao walikuwa ndio kwanza wamepanda!

Kocha wao alikuwa Robert Matano. Sasa mfuateni huyo mzee. 2012 akabeba ligi na Tusker. 2017 akaja kwetu, akatupa GOtv Shield, tukacheza isukuti hadi usiku. Hakudumu. 2021 akabeba ligi tena, na Tusker. Mtu ni yule yule! Kwa hivyo shida ni kocha, ama ni nyumba tunayompa?

Tusker iko na kampuni ya bia nyuma yake. Ulinzi iko na jeshi. Sisi tuko na nani? SportPesa ilipojitoa 2019, wachezaji wakaanza kulia njaa, na madeni yakatufikisha FIFA.

Najua mtasema, mbona Gor pia walipoteza mdhamini huyo huyo? Ni kweli, na ligi ya 2020 wakachukua. Lakini hata wao walikaa bila ligi tangu 1995 hadi 2013. Timu ya umma inayongoja mfadhili kila mwaka iko kwa mkopo wa bahati.

Maoni yangu ni haya: tukisema klabu ni yetu, basi mishahara pia ni yetu. Wewe unayembembeleza askari wa geti upite bure, ndiwe unayeuza straika wetu. Ada ya uanachama kidogo kila mwezi kwa M-Pesa, na hesabu zitolewe hadharani kila msimu. Viongozi wakikataa kuzionyesha, tuwang'oe hao kwanza kabla ya kocha.

Nyinyi mwaonaje? Semeni hapa chini, lakini matusi wachieni nyumbani.