Fasi ya Kila Sauti mu Korale

Masomo: 2 Samweli 9, Matayo 21:12-16



Siku ya Mungu inayokuja, wakati korale inasimama kuimba, tazameni vizuri ule mustari. Nguo zimepigwa pasi, viatu vinangaa, hatua ni moja. Kisha geuzeni macho nyuma ya kanisa, karibu na mulango, ama kule inje chini ya muembe. Ni nani anakaa kule? Kijana anayetembea kwa mikono. Binti asiyeona, anayeongozwa na dada yake mudogo. Mutoto ambaye baba yake alibaki mu shimo la madini, na sasa anakaa kwa tantine na kuuzisha maji mu barabara. Wote wanajua zile nyimbo. Lakini hakuna mutu aliyewaambia: "Njoo, kaa na sisi."

Mama mumoja ametuuliza neno. Mwana wake ana miaka 16, na tangu utoto miguu yake haina nguvu. Aliomba kuingia mu korale ya vijana. Wakamujibu: "Weye utakaa mu kiti, siye tunasimama. Utaharibisha mustari. Bantu batasema nini?" Mama anauliza kama kanisa lina haki ya kukataa hivi. Jibu letu ni hapana. Lakini "hapana" peke yake haitoshi. Tunapashwa kueleza sababu, na kuonyesha njia.

MAANDIKO YANASEMA NINI?

Kuna wandugu wanaofungua Walawi 21, mahali sheria inakataza kuhani mwenye ulemavu kukaribia mazabahu. Wanasema: "Munaona? Ni Biblia." Basi, wasome mupaka mwisho. Mustari wa 22 unamupa yule kuhani ruhusa ya kula mukate mutakatifu pamoja na wandugu zake. Hakufukuzwa ku jamaa. Tena, sheria ile ilikuwa ya makuhani wa mazabahu, na sisi Kuhani wetu Mukubwa ni Kristo. Korale si mazabahu ya Haruni.

Wengine wanaleta 2 Samweli 5:8, ile methali ya watu wa zamani juu ya vipofu na viwete kutoingia mu nyumba. Lakini tazameni Daudi mwenyewe, mupiga kinubi, mu sura ya 9. Anamutafuta Mefiboseti, mwana wa Yonatani, aliyelemaa miguu yote miwili kwa sababu alianguka akiwa na miaka 5, wakati mulezi wake alikuwa anakimbia naye. Daudi hakungoja apone. Hakumutumia chakula nyuma ya nyumba. Alimukalisha ku meza yake, sawa na mumoja wa wana wa mufalme. Na mutu akiisha kukaa ku meza, miguu yake haionekani tena. Kinachoonekana ni uso wake.

Kisha tufike kwa Matayo 21. Yesu amefukuza wafanya-biashara mu hekalu. Mara moja, ni nani wanaingia? Mu mustari wa 14 ni vipofu na viwete. Mu mustari wa 15 ni watoto, wanapaza sauti za sifa. Na ni nani wanakasirika? Wakubwa wa dini. Kila korale ichague inataka kusimama upande gani.

MUZIKI UNASAIDIA NAMNA GANI?

Ya kwanza, unafungua kinywa. Mutu wa kigugumizi, mara nyingi anaimba bila kukwama. Waganga wa Boston, kule Marekani, mu mwaka wa 1973 walieleza namna ya kusaidia wagonjwa waliopoteza usemi kwa sababu ya ugonjwa wa ubongo: kuwaanzisha kwa kuimba maneno, na polepole kurudi ku kusema. Si wote wanapona hivyo, lakini njia hiyo inatumika mupaka leo.

Ya pili, unafundisha mwili. Kupiga ngoma kwa kipimo ni kuzoeza mukono na mabega. Kuimba ni kuzoeza pumzi. Na mutoto anayesahau haraka anaweza kushika maneno mengi kama yako ndani ya wimbo. Wazazi wanajua: mutoto asiyeshika somo la kalasi anaimba wimbo muzima kutoka radio.

Ya tatu, unafundisha kungojeana. Mu wimbo, kila mutu iko na wakati wake wa kuingia na wakati wake wa kunyamaza. Kijana wa barabara, aliyezoea kunyanganya ili ale, anajifunza kwamba zamu yake itafika bila kupigana.

Ya ine, na ndiyo kubwa, unarudisha jina. Mu kartie wanamuita "kile kilema", ama "kile kitoto cha bulozi". Mu kikundi anakuwa mupiga ngoma, muongozi wa sauti ya pili, mutu ambaye akikosa siku moja, wengine wanauliza: "Fulani iko wapi?"

Na viziwi je? Hata wao. Evelyn Glennie wa Scotland hakuwa tena na masikio ya kusikia vizuri tangu miaka 12, lakini amekuwa mupiga ngoma anayejulikana dunia yote. Anavua viatu ili miguu yake ipokee mutetemo wa ngoma. Asiyeona je? Fanny Crosby wa Marekani alipoteza macho akiwa mutoto muchanga. Mupaka kufa kwake mu mwaka wa 1915 alikuwa ameandika nyimbo za kumusifu Mungu zaidi ya 8000, na nyingi ziko mu vitabu vya nyimbo vya makanisa yetu. Sasa fikirini: tunaimba nyimbo za mwanamuke asiyeona, kisha binti asiyeona anabaki inje!

WALE WA KINSHASA

Hatuna lazima ya kwenda mbali. Mu muji wetu mukubwa, Kinshasa, wanamuziki waliolemaa kwa polio walikutana, wakijikokota ku vitinga vyao vya magurudumu matatu, wakafanya mazoezi karibu na bustani ya wanyama. Jina lao ni Staff Benda Bilili, maana yake mu Lingala ni kama kusema: tazama mbali kuliko sura ya inje. Mu 2009 waliitoa albamu yao ya kwanza, na mu 2010 filme juu ya maisha yao ilionyeshwa ku Cannes, Ufaransa. Wimbo wao mumoja unawaomba wazazi wapeleke watoto ku chanjo ya polio.

Lakini neno tunalotaka mushike ni hili. Walimukuta kijana wa barabara, Roger Landu, anayepiga chombo alichokitengeneza mwenyewe kwa kopo, kijiti na uzi mumoja. Wakamupokea. Watu wasioweza kusimama ndio waliomusimamisha kijana mwenye miguu mizima! Kwa hiyo musifikiri kwamba siku zote ni "wazima" wanaosaidia "walemavu". Mu kikundi cha kweli kila mumoja anabeba mwenzake.

Kikundi hicho kiligawanyika mu 2013. Sifa na feza haziponeshi kila kitu. Ndiyo sababu tunawaambia vijana: lengo letu si kupanda ndege. Lengo ni kukaa pamoja.

NAMNA YA KUANZA

Haiombi feza nyingi. Bido tupu ni ngoma. Kopo lenye mbegu ndani linalia vizuri. Fanyeni hivi:

1. Chagueni fasi isiyo na ngazi, chini ya muti ama mu nyumba. Kusanyikeni siku ya posho muchana, saa moja tu, kusudi anayetoka mbali na kitinga chake arudi mbele ya usiku.

2. Wote wakae mu duara, hata wale wenye kusimama. Pale hakuna mustari wa kuharibisha.

3. Changanyeni. Kikundi cha walemavu peke yao ni inje ingine tu. Wana-korale waje, watoto wa barabara waje, hata mwana wa mushauri wa kanisa.

4. Asiyeona afundishwe kwa kurudilia maneno, na mukono wake uguse chombo mbele ya kupiga. Kiziwi aweke mukono ku ngoma ama akae ku benchi ya mbao karibu nayo, na aone mikono ya muongozi. Mwenye vidole vizaifu afungiwe kopo la mbegu ku kifundo cha mukono. Anayeogopa makelele akae mbali na ngoma kubwa, na akitaka kutoka kidogo, atoke na arudi.

5. Kila juma, mutu mwingine aongoze. Mutu asiyeongoza hata siku moja anabaki mugeni.

TUJILINDE NA MAMBO HAYA

Musiahidi kwamba mutoto atapona kwa kuimba. Mwenye kifafa aendelee kunywa dawa yake. Tunaomba kwa imani, lakini hatudanganyi wazazi.

Musipige foto za watoto ili kuombea feza kwa wageni, kisha feza inapotea na mutoto anarudi na njaa. Huo ni wizi.

Musimuache mutoto peke yake na mutu mukubwa mumoja mu chumba kilichofungwa. Siku zote wakubwa wawili, na mulango wazi.

Na mukumbuke: hata serikali imeandika. Inchi yetu iliingia mu 2015 mu mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 30 kinataja mambo ya utamaduni. Tarehe 3 Mei 2022 inchi ikapata sheria yake yenyewe. Itakuwa haya kwetu kama serikali inafungua mulango ambao kanisa linaufunga.

Kwa mama aliyetuuliza: mupeleke mwana kwa pasta na muongozi wa korale pamoja, musome nao 2 Samweli 9, kisha muwaombe wakalishe korale nzima siku moja, waimbe wakikaa. Wataona kama sauti imepunguka.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Mu barabara yetu, ni kijana gani anayefichwa mu nyumba? Tunajua jina lake?

Mu korale yetu, ni sharti gani tumelifanya sisi wenyewe, si Mungu?

Siku ya posho hii, nani atakwenda kumuita, na nani atasukuma kitinga chake?

Bwana awape masikio ya kusikia sauti zilizobaki inje. Amina.