Ushindi Uliowapoteza Mercedes

Wikendi iliyopita nilibishana na rafiki yangu, mhandisi wa mitambo, kuhusu Formula 1. Yeye anasema Mercedes walikosea walipochora gari la 2022. Mimi nasema kosa lenyewe lilikuja baadaye.

Mwaka huo kanuni zilibadilika, na hewa inayopita chini ya sakafu ndiyo ikawa inalivuta gari chini lishike barabara. Mercedes wakaja Bahrain na W13, mbavu zake nyembamba mno, karibu hazipo. Kwenye tarakilishi lilikuwa gari la ajabu. Kwenye lami likaanza kudunda: sakafu inavutwa chini, hewa inakatika, gari linainuka, hewa inarudi, linavutwa tena, mara kadhaa kwa sekunde moja. Dawa ya haraka ni kuliinua gari na kukaza springi, lakini ukiliinua unapoteza kasi, na ukikaza springi dereva ndiye anayeumia. Baku, Juni 2022, Hamilton alishuka garini kwa shida, ameshika mgongo.

Mbona majaribio hayakuonyesha? Kanuni zinaruhusu handaki la upepo litumie mfano usiozidi asilimia 60 ya gari halisi, na upepo usiozidi mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa. Gari lenyewe linapita 300. Sisi waandishi wa programu tunaijua hadithi hiyo: kwangu inafanya kazi!

Kwa hivyo hapo siwalaumu. Ninachokilaumu ni Brazil, Novemba 2022. Russell alishinda, Hamilton akawa wa pili. Ulikuwa ushindi wao pekee msimu ule, na nadhani uliwalevya, kwa sababu W14 ya 2023 ilikuja na wazo lile lile. Walilitupa Monaco, mwezi Mei: mbavu mpya, sakafu mpya, sasipensheni mpya ya mbele. Mbio zilizofuata, Uhispania, wakawa wa pili na wa tatu. Lakini msimu uliisha bila ushindi hata mmoja.

Sasa tazama McLaren. Bahrain 2023 Norris alimaliza wa 17, nyuma ya wote waliofika. Hakukuwa na ushindi wa kuwadanganya. Julai, Austria, walileta mabadiliko makubwa, wakayafunga kwenye gari la Norris peke yake. Gari jipya na la zamani, barabara moja, wikendi moja! Programa gani hatamani jaribio kama hilo? Norris akamaliza wa nne, na wiki iliyofuata Silverstone akawa wa pili. Mwaka 2024 walichukua ubingwa wa timu.

Naandika haya kwa uchungu kidogo. Mahali nilipowahi kufanya kazi tulikuwa na mfumo uliokuwa ukianguka kila mwisho wa mwezi. Siku moja tulimwonyesha mteja, ukaenda vizuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliyesimama mkutanoni kusema tusiuandike upya ni mimi. Tuliuweka viraka mwaka mzima, na wenzangu wawili wakaacha kazi kwa kuchoka kuamshwa usiku.

Rafiki yangu bado hajakubali. Anauliza, ungekuwa wewe ndiye umeshinda Brazil, ungelitupa gari lile? Sijamjibu.