Usimbaji, Ufiche na Unukuzi: Hoja Kuhusu Istilahi Moja ya Kompyuta

Katika istilahi za kompyuta za Kiswahili, neno usimbaji limebebeshwa dhana mbili zisizolingana. Dhana ya kwanza ni kuigeuza data kutoka umbo moja hadi jingine kwa kanuni iliyo wazi kwa wote. Ya pili ni kuificha kwa ufunguo. Wanaistilahi wamejaribu kuzitenganisha kwa kuongeza kivumishi, ndipo likapatikana usimbaji fiche. Hata hivyo, kivumishi ni mlinzi dhaifu. Katika mazungumzo hudondoshwa, na tofauti hupotea pamoja nacho.

Madhara ya hali hii yanadhihirika katika mfumo wa Base64, uliopata nguvu kutokana na dhiki ya barua pepe. Kanuni za kupeleka barua hizo zilizowekwa mwaka 1982 ziliruhusu alama za ASCII tu, zenye biti 7, ilhali picha na sauti huhifadhiwa katika baiti za biti 8. Utaratibu wa MIME, uliotolewa na Nathaniel Borenstein na Ned Freed mwaka 1992, uliidhinisha dawa: baiti 3, yaani biti 24, hugawanywa katika mafungu 4 ya biti 6, na kila fungu hupewa alama moja kati ya 64, ambazo ni herufi kubwa 26, herufi ndogo 26, tarakimu 10, pamoja na + na /. Kwa kanuni hiyo neno Mto huwa TXRv. Data hurefuka kwa takriban theluthi moja, lakini hufika salama.

TXRv haisomeki kwa macho, na hapo ndipo mtego ulipo. Yeyote mwenye jedwali huirejesha kuwa Mto pasipo ufunguo wowote. Katika uthibitishaji sahili wa HTTP, jina na nywila hupelekwa kwa njia hiyo hiyo, na waraka wa kanuni zake wa mwaka 2015 unaonya kuwa njia hiyo si salama iwapo mawasiliano yenyewe hayakukingwa. Mtumiaji anayeambiwa kwa Kiswahili kwamba nywila yake "imesimbwa" hana sababu ya kushuku.

Isimu tayari ina neno linalofaa: unukuzi. Mhariri anayeuhamisha utenzi kutoka hati za Kiarabu hadi za Kilatini hafichi chochote. (Kazi yake, kwa kweli, ni ngumu kuliko ya Base64, kwani hulazimika kuamua penye utata, mashine haiamui lolote.) Itapingwa kwamba unukuzi huhusu sauti, nazo biti hazina sauti. Pingamizi hilo lina uzito kwa mwanafonetiki, si kwa mhariri wa miswada, ambaye huhamisha alama kwa alama. Tena uhusiano huo si wa kinadharia tu: Kiswahili cha hati za Kilatini, hata ng' yenye kiritabu chake, hupita katika ASCII bila kudhurika, bali utenzi ule ule katika hati za Kiarabu, ili upite katika njia ya biti 7, sharti kwanza unukuliwe.