Mfupa Umevunjika, Usiuze Haki kwa Elfu Tano

Mwaka jana matatu iligonga boda niliyoabiri, mfupa wa paja ukavunjika. Nikiwa bado chini, dereva akanisukumia elfu tano: "Tumalizane hapa hapa, buda." Nikachukua. Akatoweka, na hata nambari ya gari sikushika.

Manze, nilitiwa chuma, nikatembea kwa magongo miezi mitano, kibarua kikaota nyasi. Elfu tano iliishia kwa picha za eksirei na dawa.

Wasee, sheria ya Kenya inalazimisha kila matatu na boda kuwa na bima ya kufidia watu wengine wakiumizwa. Hata anayetembea kwa miguu yumo. Una miaka 3 ya kushtaki tangu siku ya ajali, basi haraka ya nini? Piga picha nambari ya gari. Ripoti kituoni, upate nambari ya OB na abstrakti. Daktari akujazie P3. Weka kila risiti. Na yule broka anayezunguka wodini na fomu za wakili, usimtilie sahihi ukiwa na maumivu.

Mtasema kesi huchukua muda. Kweli. Lakini mguu wangu pia ulichukua muda, na nililipa mwenyewe.