Nani Kasema Wananchi Hawana Mwamko?

Kaa kwenye warsha yoyote ya maendeleo ya vijiji hapa Tanzania, na kabla ya chai ya saa nne utakuwa umeshayasikia: wananchi hawana mwamko, hawajitolei, wanasubiri kufanyiwa. Wanaosema hivyo ni watu wema, wengi wao wamezaliwa vijijini hukohuko. Lakini maneno haya yakiachwa bila kujibiwa huingia kwenye taarifa, na kutoka kwenye taarifa huingia kwenye mipango.

Dai la kwanza ni kwamba mkutano ukiitishwa watu hawaji kwa sababu hawajali mambo ya jamii yao. Basi subiri msiba utokee kijijini hapo. Jua halijazama, turubai limesimama, masufuria yamekusanywa nyumba kwa nyumba, vijana wako makaburini na majembe, na mtu mwenye mwandiko mzuri amekaa mlangoni na daftari la rambirambi. Hakuna aliyepiga mbiu mara mbili. Mama yuleyule anayelaumiwa kwa kukosa mkutano wa kijiji yumo kwenye kikoba, kwenye kikundi cha kufa na kuzikana na kwenye kamati ya harusi ya mtoto wa jirani. Kwenye kikoba kuna sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote, na anayechelewa anatozwa faini papo hapo, hata akiwa mwenyekiti.

Sasa utazame mkutano wenyewe. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, na mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Hayo ni madaraka makubwa. Lakini palipo na vijiji ambako taarifa ya mapato na matumizi haisomwi mwaka mzima, ajenda zimeshuka kutoka wilayani, na swali la mwananchi linasukumwa kwenye "mengineyo" wakati jua limeshakuwa kali, mkulima hupiga hesabu yake. Anaona palizi inamngoja na mkutanoni hakuna atakachoamua. Kubaki kwake shambani ni jibu, na anayetaka kuijua jamii hiyo inampasa alisikilize jibu hilo.

Dai la pili hutamkwa kwa upole zaidi: kwanza waelimishwe. Hapa naomba twende Shinyanga, maana sijui mahali pengine panapolijibu vizuri kama pale.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Wakati huo sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imebaki uwazi mtupu. Tangu enzi za ukoloni misitu ilifyekwa kupambana na mbung'o, yakafuata mashamba ya pamba na makundi makubwa ya ng'ombe. Halafu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye makazi yao ya zamani, wakaziacha nyuma ngitili zao. Ngitili ni eneo ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, nyasi na vichaka vikue bila kuguswa, kisha hulifungua kiangazi kinapokolea ili mifugo ipate malisho. Ngitili zilizosalia zikitunzwa zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi.

Mwanzoni mradi ulitilia mkazo vitalu vya miche na upandaji wa miti, mingine ya kigeni. Mwitikio ulikuwa hafifu. Mambo yalibadilika wataalamu walipokubali kujenga juu ya kile wafugaji walichokuwa wanakijua tayari. Ngitili zikarudi, za kaya na za kijiji, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalizidi hekta 300,000. Sheria zake zilipitishwa kwenye dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu wakazisimamia. Aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alijua atakutana na nani. Wataalamu walikuwa na mchango wao, sitaki kuupunguza. Ila maarifa yaliyootesha nyasi zile yalikuwa ya wazee wa pale, na yalikaa miaka mingi yakingoja kuulizwa.

"Jamii imeridhia," huandikwa kwenye muhtasari, na mhuri ukagongwa. Jamii ipi? Shinyanga hiyohiyo inatuonya. Mwenye eneo kubwa alipata nyasi za kuezekea, kuni, na malisho ya kuuza. Asiye na ardhi alikuta vichaka alivyozoea kuokotea kuni sasa vina mwenyewe. Wote wawili wamo katika "jamii". Sheria inataka halmashauri ya kijiji iwe na wajumbe 15 hadi 25, na wanawake wasipungue robo. Ni jambo jema, lakini kiti peke yake hakimpi mtu sauti. Panapojadiliwa mahali pa kuchimba kisima, anayejua ni kisima gani cha jirani kinageuka chumvi kufika Septemba ni yule anayeteka, na mara nyingi ndiye aliyekaa pembeni na mtoto mgongoni, haulizwi. Mimi naona mkutano ambao haukumuuliza haujaamua lolote kuhusu maji.

Wengine hudai kwamba kubeba mawe na kuchanga fedha ndiko kushiriki kwenyewe. Msaragambo umejenga madarasa na zahanati nyingi, nao unastahili heshima. Lakini mtu anaweza kusomba tofali mwezi mzima kwa jengo ambalo hakuulizwa liwe wapi. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba watu hawaendelezwi na mwingine, hujiendeleza wenyewe kwa kushiriki katika maamuzi na kazi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1973, serikali yake ikatangaza kuwa kuhamia vijijini ni amri. Watu walihama, wakajenga, wakalima. Kwa idadi ya mikono, ushiriki ulikuwa mkubwa mno. Kwa upande wa uamuzi, haukuwepo.

Na posho? Anayelalamika kuwa wanakijiji wanadai posho kwa kawaida amekuja na ya kwake ya safari. Kibarua aliyeacha siku yake ya kazi ana haki ya kuuliza siku hiyo italipwa na nani.

Dai la mwisho ni kwamba kushirikisha watu kunachelewesha kazi. Mwaka 1971 nchi ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991, bila malipo. Kazi ilikwenda, mabomba yakatandazwa. Injini ya dizeli ilipokufa, watu waliisubiri serikali, maana injini ilikuwa ya serikali. Lengo halikufikiwa, na sera zilizofuata zikaanza kuwapa watumiaji umiliki wa miradi.

Babati mambo yalikwenda kinyume. Serikali ilipotaka kuufanya msitu wa miombo wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake, wenyeji walipinga. Majadiliano yalichukua muda, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 vijiji vinane vinavyouzunguka vilikabidhiwa jukumu la kuusimamia. Vikatunga sheria ndogo zao na kuteua walinzi wao miongoni mwa vijana wa palepale. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 ilipokuja kutambua misitu ya hifadhi ya ardhi ya kijiji, watu wa Duru-Haitemba walikuwa tayari kazini kwa miaka kadhaa.